Mbingu ya Smirna

Bwana Machin amekuja na gari lake na magazeti ya kufungia.
Amezipanga sahani za marehemu mama mezani, chali, kisha kifudifudi,
anazigonga kwa ukucha na kusikiliza.
Sidoni, anasema, nzima. Tiro, nzima. Antiokia, sawa.
Efeso ina ufa mwembamba kama unywele; nitakupa nusu.
Dameski imekula visu miaka mingi, tazama ilivyochakaa langoni.
Hii Smirna siitaki.
Ona hapa: mbingu haikukutana.

Nimeona. Tangu utotoni naona.
Wingu limekatwa mkia, na ndege mwenye bawa moja
anaruka kuelekea pale ambapo bawa la pili lingekuwa.

Jumapili tulikula juu ya miji hii.
Mama alipakua viazi, nyama, mchuzi mzito,
na sheria ilikuwa moja: huondoki mezani kabla hujaona lango.
Basi nilikula kabichi niliyoichukia,
nikifukua kwa uma,
hadi akachomoza ngamia mwenye miguu ya ng'ombe,
halafu mnara, halafu wanaume watatu wa vilemba
wasio na haraka na mtu.
Nilidhani miji mitakatifu yote ni ya buluu.
Nilidhani Mungu alikuwa na kopo moja tu la rangi.

Aliyelichonga bamba la shaba hakufika Smirna.
Hakufika hata Liverpool.
Alikuwa na picha ya msafiri mmoja, na dirisha,
na nje ya dirisha palikuwa Burslem;
ndiyo maana mialoni ya kwetu imesimama ufukweni mwa Waturuki
na bahari inapinda kona, kama Trent.

Lakini si yeye ninayemuwaza.
Namuwaza Thirza Colclough, bibi wa bibi yangu,
umri miaka kumi na mmoja, mkononi mkasi.
Karatasi shashi ilibanduliwa kwenye shaba ingali moto,
imelowa mafuta na kobalti,
naye akaikata: anga huku, mji huku, pindo la maua kando.
Kutwa nzima akiikatakata Yerusalemu
na hakuna mhubiri aliyemkemea.
Keturah Bloor akavipachika vipande kwenye udongo uliochomwa mara moja,
akasugua kwa brashi na sabuni, akatumbukiza majini.
Karatasi ikaelea. Mji ukabaki.
Kisha joko.

Siku ya Smirna ilikuwaje, sijui.
Labda alisinzia.
Labda Keturah alikohoa, kile kikohozi cha vumbi la gumegume,
mtoto akageuza shingo
na mkasi ukala wingu.
Sahani mbovu ilikatwa kwenye ujira wake,
ikaenda nyumbani chini ya aproni.
Hizi nyingine tano zilinunuliwa baadaye, mwanawe alipopata ukarani,
ili ile moja isione haya peke yake kabatini.

Macho hayana pazia, ila ya Bwana Machin yanatafuta muhuri wa kiwanda.
Amelipita lile doa la nyuma, karibu na ukingo,
buluu chini ya ngozi ya kioo:
alama ya kidole gumba, mistari yake yote.
Gumba langu ni kubwa mno kwake.
Kidole changu cha mwisho ndicho kinachoenea.

Chukua tano, nikamwambia.
Akahesabu noti mara mbili, akaifunga Tiro kwa matokeo ya mpira,
akasema pole kwa msiba, akaondoka.

Usiku nimekaanga yai.
Nimeliweka katikati ya Smirna, juu ya paa za watu.
Kiini kimepasuka, kikateremka polepole,
kikapita mialoni, kikaingia kwenye mwanya wa mbingu
na kusimama hapo, kati ya ndege na bawa lake.

Nimekiacha kidogo.
Kisha nimekipangusa kwa mkate.